Tuulize Kwanza, Ndipo Tutoe



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, mwaka huu tumeona tuzungumzie misaada inayopelekwa vijijini, hasa katika milima yetu ya Uluguru. Kwa nini mingine hudumu na mingine hufa?

Sisi wa Morogoro mjini tunaiona Uluguru kila asubuhi. Mto Morogoro unateremka kutoka huko. Mto Ruvu, ambao maji yake yanapelekwa mpaka Dar es Salaam, nao unapata maji yake huko. Ndizi za Kinole na mboga za Mgeta ndizo zinazojaza masoko yetu. Kwa hiyo anayesema "twende tukawasaidie watu wa mlimani" na ajue kwamba wao wametangulia kutusaidia.

Baada ya Idi tulipanda na wanafunzi wakubwa hadi kijiji kimoja cha upande wa Mkuyuni, tukiwa na marobota ya nguo na madaftari. Njiani tulikuta bomba zuri la saruji, lakini koki imevunjika na tangi limeota majani. Watoto walikuwa wakilipita na ndoo kuelekea mtoni. Tukamwuliza mzee mmoja, "Shikamoo mzee, mbona hili halitengenezwi?" Akajibu, "Marahaba wanangu. Wenyewe hawajarudi."

Neno hilo lilitushughulisha njia nzima. Bomba limo kijijini, wanaolihitaji wamo kijijini, lakini "wenyewe" wako mbali. Waliolijenga walikuja na nia njema, hatuna shaka. Ila hawakuacha kamati, hawakufundisha fundi, wala hapakuwa na mfuko mdogo wa kununulia koki. Walitoa, lakini hawakuuliza.

Milima hii imekwisha kutufundisha somo hili zamani. Katika miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Lengo halikuwa baya. Lakini sehemu nyingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi unaufukia, na unaobaki juu hauoteshi kitu. Wakulima walilijua hilo, lakini hawakusikilizwa. Mwaka 1955 wakakataa, ghasia zikazuka upande wa Matombo, na mpango ukaachwa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa tazameni tofauti. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yalifanya kazi na wakulima wa Kibungo Juu, katika milima hiyo hiyo. Matuta yalichimbwa tena, miti ikapandwa, samadi ikatiwa mashambani. Safari hii wakulima walishauriwa, wakajiunga kwa hiari, na wakalipwa kwa kazi ya kuutunza mto. Miongoni mwa waliochangia malipo hayo ni DAWASCO na Coca-Cola, waliokuwa wakitumia maji huko chini. Malipo yale hayakuwa sadaka, yalikuwa haki ya mtu anayekutunzia kisima chako. Ardhi ni ile ile, jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye shamba aliulizwa.

Hapa hapa Morogoro, mwaka 1993, wakulima walianzisha mtandao wao wa MVIWATA, nao wakachagua kauli isemayo: mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Kauli hiyo ingefaa kusomwa na kila anayebeba msaada kupanda mlima.

Tulipofika kijijini tuliamua kuuliza. Akina mama walipokea nguo na kushukuru. Kisha mmoja wao akasimama akasema, "Nguo tutavaa, zitachakaa. Sisi tunataka mwalimu alale hapa."

Akatueleza. Shule wanayo, na waliijenga kwa mikono yao. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002, na tangu Januari 2016 hata sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada. Kwa hiyo kinachowazuia watoto wao si ada, ni nyumba ya mwalimu. Anayepangiwa shule ile hukosa pa kukaa, hupanga chumba mbali bondeni, na masika njia inapoteleza hafiki. Akipata nafasi anahama. Watoto wanabaki darasani wakijisimamia wenyewe.

Wenyeji hawakukaa kusubiri. Tofali wamekwisha kuchoma. Mchanga wameusomba kutoka mtoni kwa zamu, nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo pamoja. Kilichowashinda ni saruji na bati, maana hivyo havichimbwi mlimani.

Tuliporudi tuliwaeleza wazazi. Wapo waliotuuliza swali ambalo si la kupuuza: kwa nini sadaka ya Waislamu ijenge nyumba ya mwalimu wa shule ya serikali, ambaye huenda si Mwislamu, ilhali madrasa nyingine zinasomesha chini ya mwembe?

Tunajibu hivi. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na hatutaigusa. Tunachozungumzia ni sadaka ya hiari, nayo jirani wa dini yoyote ana fungu ndani yake. Sayyidna Uthman (R.A.) alipokinunua kisima cha Ruma kule Madina, alikitoa watu wachote bure maji waliyokuwa wakiyanunua. Aliona kiu ilipo, akaanzia hapo. Na mtoto wa Kiislamu wa kijiji kile, asiyejua kusoma kwa sababu mwalimu hayupo, ataisomaje hata tafsiri ya Kitabu chake? Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Nyumba ya mwalimu inazikaribia zote tatu.

Basi tunaomba haya. Mzazi mwenye uwezo atoe bati au mfuko wa saruji. Asiye na uwezo atoe siku moja ya kubeba, maana gari linaishia bondeni. Fundi tunaye mlimani, tusipeleke mwingine. Kamati ya kijiji ndiyo itakayoshika daftari la matumizi, nasi tutalisoma mbele yenu baada ya swala ya Ijumaa. Mlangoni tusiandike jina la madrasa yetu. Likiandikwa jina letu, siku bati litakapovuja watasema wenyewe hawajarudi.

Na nyinyi wanafunzi, mnaosoma huku mkiota ualimu, kumbukeni kwamba nyumba ile itahitaji mtu wa kuishi ndani yake.

Allah (S.W.) atutakabalie, na awape wenyeji wa milima yetu nguvu na subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.