Meza ya Ivuna

Nilikuwa Ivuna, wilaya ya Momba, huku kwetu Songwe. Kilichonipeleka ni kimondo kilichoanguka huko Desemba 16, 1938. Ni kama gramu 700 tu, lakini kundi zima la vimondo adimu, CI, limebeba herufi ya kwanza ya jina la kijiji hiki. Kipande kikubwa kiko London. Kijijini hakuna cha kupiga picha. Saa nne asubuhi habari yangu ilikuwa imekwisha, na gari la kurudi Tunduma ni kesho yake.

Nikaishia kijiweni, kwenye meza ya pool.

Jioni ile vijana wa Kamsamba walikuwa wanakuja kucheza na wenyeji, na kila upande umeweka hela. Fundi, mzee mmoja aliyewahi kufunga meza Mbeya enzi zile Safari Lager ikidhamini mashindano ya taifa, alikuwa anaiweka sawa. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilichukua saa mbili na nusu.

Udongo wa bondeni, aliniambia, ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, kwa hiyo meza ya juzi si meza ya leo. Akaweka vibao chini ya kila mguu. Pima maji akailaza katikati ya meza, kwa urefu kisha kwa upana, halafu kila kona. Mimi nanyanyua, yeye anazungusha skrubu ya mguu. Akigusa mguu mmoja, kona ya pili inaharibika, tunaanza upya. (Nilitoa simu nimwonyeshe programu ya kupimia. Akacheka.) Meza za mashindano ya dunia, za futi tisa, zina mawe matatu yaliyounganishwa, nyufa zikazibwa kwa nta, na kanuni zinaruhusu kupishana kwa nusu milimita tu kwa urefu, robo milimita kwa upana. Ya Ivuna ni ndogo, jiwe lake ni moja. Lakini kipimo cha mwisho ni kilekile: unasukuma mpira mweupe taratibu, ufe wenyewe, uangalie unafia wapi.

Sasa niwaambie ukweli. Mchana ule nilikuwa nimeweka shilingi 20,000 kwa bingwa wa kijiji. Nilikuwa nimemwona akicheza. Mipira yake ya polepole ilikuwa inakunja kuelekea kona ya kaunta na kuingia shimoni kama imeitwa. Nikajua anaijua meza, siyo mchezo. Ile 20,000 ilikuwa nauli yangu.

Fundi akaniita: "Mwandishi, wewe huna upande. Sukuma, uniambie." Nikasukuma. Mpira ukaenda vizuri, ukachoka, na kwenye sentimita kumi za mwisho ukageuka kuelekea kaunta.

Nikasema, "Imekaa sawa, mzee."

Hakubisha. Alinitazama kidogo, akachukua pakiti tupu ya sigara, akachana kipande, akakikunja mara mbili na kukisokomeza chini ya kibao cha mguu wa kona ile. Akasukuma mpira mwenyewe. Ulikwenda, ukasimama pale pale ulipochoka.

Bingwa wetu alifungwa tatu bila. Mpira mweusi wa mwisho aliupiga kwa upole, kama alivyozoea, akisubiri ukunje. Haukukunja. Alibaki ameinama juu ya meza na fimbo yake, anaitazama ile kona, na watu wa Kamsamba wakaanza kuimba.

Nimeandika ripoti nyingi za michezo. Hii sikuipeleka gazetini; ningeandika nini kuhusu aliyeikagua meza?

Asubuhi nauli sikuwa nayo. Aliyenikopesha ni yule fundi, noti mbili za elfu kumi, bila kuniuliza nimezipoteza wapi. Jumatatu nilimrudishia kwa simu, nikaongeza elfu tano ya soda. Ile elfu tano aliirudisha.