Kwa Mpwa Wangu, Juu ya Michezo ya Kuigiza

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako kutoka Kilwa umenifikia, nami nimeusoma kwa utulivu, hasa pale uliponieleza kwamba baadhi ya wazazi wamemshitakia mwalimu mkuu kuwa unawapotezea watoto wao wakati kwa kuwaigizisha michezo, na kwamba wewe mwenyewe umeingiwa na shaka. Shauri langu ni kuwa usiache, nami nitakupa hoja zangu ili ukisimama mbele ya wazazi hao uwe na la kuwajibu kwa adabu.

Wewe wafundisha tarikhi, na Mungu amekuweka karibu na vilima vya Umatumbi, ambako mwezi wa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa na Wadachi kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mtoto aweza kuyahifadhi hayo kwa moyo, pamoja na kunyongwa kwake mganga Kinjeketile mwezi uliofuata, akayaandika katika mtihani na kupata alama zake, kisha akayasahau kabla ya likizo kwisha. Lakini mpe tamthilia ya Kinjeketile, iliyoandikwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969, umwambie kuwa leo yeye ndiye yule mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, naye sasa ni mfungwa anayetakiwa akiri kwamba maji yale yalikuwa uongo. Hapo hana budi kujiuliza ni kwa nini mtu aliyekwisha kuona watu wake wakianguka mbele ya bunduki akatae kutamka neno hilo moja, na kama kukataa kwake ni ushujaa au ni kiburi; na swali hilo, akishalibeba kifuani mwake na kulisema kwa sauti mbele ya wenziwe, haliwi tena swali la mtihani. Kisha waketishe watoto uwakumbushe kuwa mwandishi mwenyewe hakudai kwamba Kinjeketile wa jukwaani ndiye yule yule wa tarikhi, uwaache wapambanue lipi limethibiti na lipi limebuniwa. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kumfundisha kijana insafu katika kuyapima mambo ya kale.

Juu ya faida ya michezo kwa lugha sitarefusha. Mwalimu Nyerere hakuifasiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, kwa kukosa shughuli.

Lililo zito zaidi moyoni mwangu ni jingine. Nilipokuwa ningali nafundisha, alikuwako binti mmoja aliyefiwa na mamaye, akawa haongei darasani wala hacheki, na sisi walimu, kwa mazoea yetu ya kumhimiza kila aliyefikwa na msiba ajikaze, tukamsifu kwa subira. Ulipofika wakati wa kugawa sehemu za mchezo, akachagua mwenyewe kuwa mama anayemuaga mwanawe asafiriye. Siku ya mazoezi alikuja na kanga, akaifunga kiunoni, akalikaza fundo kwa kidole gumba mara mbili, akaanza kumuusia yule mvulana ale vizuri na asilale na nguo mbichi, maneno ambayo katika karatasi yetu hayakuwamo, kisha akalia. Machozi yale yalikuwa ya mama wa mchezo, kwa hiyo hapana aliyemtazama kwa huruma wala aliyemwambia anyamaze, na mvulana aliyekuwa mwanawe alijibu, kama mchezo ulivyotaka, kuwa atarejea. Sikuambii kwamba huzuni ilimtoka siku ile. Nakuambia kwamba alipata sitara ya kuitoa mbele za watu bila ya kufedheheka, na tangu hapo akaanza tena kunyoosha mkono darasani.

Kwa sababu hiyo uwe na hadhari. Usimpe mtoto kwa amri sehemu inayofanana na msiba wake. Akiitaka mwenyewe, mpe, na akiikataa baadaye, ipokee bila ya kumhoji. Mchezo ukiisha, wavue mavazi ya maigizo, waketi duara, kila mmoja aitwe kwa jina lake la nyumbani, ndipo waondoke. Wala usimwulize kamwe mtoto kama aliyoyasema jukwaani ni yake.

Ama wale wazazi, usishindane nao kwa maneno. Miaka ya mwanzo ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, katika Mkoa wa Mwanza, wakakaa na wanakijiji, na jambo la wasichana kupata mimba wangali skuli, ambalo kulitaja hadharani ni aibu, likachezwa kwa ngoma na maigizo, kisha likajadiliwa na wote. Nawe fanya mfano wa hayo: waalike alasiri moja, wazee waketi mbele, watoto wacheze, kisha wazazi waulizwe wao wangalimshauri nini Kinjeketile gerezani. Wewe nyamaza mpaka wamalize kubishana.

Nakutumia na nakala yangu ya tamthilia hiyo. Pembeni mwa kurasa nimeandika kwa kalamu ya risasi wapi wanafunzi wangu walikuwa wakikwama, anzia hapo.

Wasalaam.

Mjomba wako