Barua kutoka Leicester: sasa hivi ya saa ngapi?

Ndugu zangu wa Tabora,

Naandika nikiwa na kero. Bati za nyumba ya mama pale Isevya zimelala uani tangu kiangazi kianze, na kila nikipiga simu naambiwa fundi anakuja sasa hivi. Nikiuliza ni sasa hivi ya saa ngapi, mnacheka. Mimi sicheki, kwa sababu mvua haina utani na mtu.

Waingereza nao wana neno la namna hiyo, soon. Mtoto akiuliza chakula kitaiva lini, akijibiwa kwa neno hilo anajua kuwa bado. Halikuzaliwa hivyo. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu iliyopita, lilikuwa sona, na maana yake ilikuwa papo hapo. Watu waliahidi papo hapo wakatokea baadaye, karne baada ya karne, mpaka maana ikafuata mwendo wao. Presently nalo limepita njia hiyo hiyo. Enzi za Shakespeare lilimaanisha mara moja. Leo Mwingereza akikutamkia, tafuta pa kukaa.

Lakini wenzetu hawa, neno lilipochoka, waliacha kupanga shughuli kwalo. Barua ya zahanati inataja siku, saa na dakika, na ukichelewa unaweza kupangiwa siku nyingine. Fundi bomba asiye na hakika atakwambia kati ya saa mbili na saa sita, basi unajua mwisho wa kungoja. Soon wanalo bado, hasa la kutakiana heri: upone haraka, tuonane karibuni. Sisi neno limetuchakalia mdomoni, na saa hatuitaji.

Tena msiniambie ndivyo tulivyoumbwa. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mji wetu umekuzwa na misafara. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akitoa ishara ya kuondoka alfajiri, mizigo ilipanda mabegani, na aliyebaki nyuma porini alijua kinachomngoja. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi waliteremka pwani kiangazi, wakipiga hesabu ya kurudi kuwahi kilimo. Ndiyo, Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, tangu alipoagana na Stanley Machi 1872, akingoja watu wa kuletwa kutoka pwani, akaondoka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano! Lakini ujumbe ulikwenda kwa miguu hadi Bagamoyo, na watu wakaja kwa miguu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Fundi wetu anakaa Ipuli, hapo hapo mjini, ana pikipiki na simu mbili. Yeye anavuka pori gani?

Basi kaka, fundi akisema sasa hivi, muulize saa, kisha mwandikie ujumbe pale pale ili ubaki kwenye simu yake. Pesa ya awali iwe ya misumari na mbao tu. Ya ufundi umpe bati zikishapanda, na kiasi kibaki mpaka kofia ya paa ikae. Wadogo zangu, mkitaka tuzungumze, semeni saa ya Tabora au ya huku. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba tunapishana saa mbili, miezi mingine saa tatu. Mkimpa msafiri michembe yangu ya viazi, nitajieni siku anayotua. "Yuko njiani" hainisaidii kwenda kumpokea. Nanyi mnaoandika kadi za harusi saa kumi na mbili wakati mnajua bwana harusi ataingia saa tatu, andikeni saa tatu.

Kikao cha ukoo nacho kianze saa kumi iliyotangazwa, hata mkiwa watatu. Babu mdogo huwahi kila mara. Anakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, fimbo magotini, kivuli kinamhama naye anasogeza kiti, huku vijana wanapiga simu kusema wanakata kona. Kwa heshima zote, msimkalishe hivyo tena.