Barua kwa Mpwa: Pikapu, Matairi ya Kashata na Baridi ya Calgary



Tairi la njia zote, lile lenye kashata nene linalofungwa kwenye pikapu nyingi za Alberta, lilitengenezwa kwa ajili ya changarawe, matope na mawe, huku likivumilia lami. Theluji linaimudu kwa kiasi. Barafu ni habari nyingine kabisa. Kinachowaponza wanunuzi ni sura yake. Likisimama dukani, refu, jeusi, kashata zimetokeza hadi ubavuni, linaonekana kama halishindwi na kitu, na muuzaji hana haraka ya kumtoa mtu kwenye dhana hiyo.

Aliyejifunza udereva kwenye barabara za udongo wakati wa masika ana somo moja la kulisahau kwanza. Kwenye matope, tairi zuri ni lile linalojisafisha: mifereji yake ni mipana ili tope lirushwe nje gurudumu linapozunguka, kwani tope likiganda humo tairi linabaki kama kipara. Theluji inataka kinyume chake. Theluji hushikana na theluji yenyewe kuliko inavyoshikana na mpira, kwa hiyo tairi la baridi hukusudia kuibana kwenye mifereji na kwenda nayo. Ndiyo maana tairi la matope hasa, lenye mabonge makubwa na nafasi kubwa, mara nyingi huwa baya kuliko la njia zote kwenye barabara ya theluji iliyoshindiliwa na magari. Theluji laini ya kufika nusu ya gurudumu, kwenye njia ya shambani isiyopitiwa, ndiyo pekee inayompa mwenye kashata kubwa haki ya kujisifu.

Zaidi ya mifereji, kuna ile mikato myembamba juu ya kila kashata, inayofanana na chale. Gurudumu linapokanyaga, kila mkato hufunguka kidogo na kingo zake hukwaruza barafu, na huku ukifyonza utando wa maji uliopo juu yake. Tairi halisi la baridi limejaa chale hizo kutoka bega hadi bega. La njia zote lina chache, kwa sababu kashata iliyochanjwa sana huchanika haraka kwenye mawe. Kasoro nyingine haionekani dukani: katika matairi mengi chale hazifiki chini. Tairi jipya la pikapu huweza kuwa na kina cha milimita 12 au zaidi, lakini likiisha nusu, sehemu ya chale imekwishapotea. Kisheria bado ni zima; kwa majira ya baridi limekwisha. Kina kikishuka chini ya milimita 5 hivi, uwezo wa kushika theluji hupungua waziwazi.

Mpira wenyewe una neno lake. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na Calgary huwa chini ya hapo kwa miezi mingi. Tairi la baridi huchanganywa na silika kwa wingi na aina za mpira zinazobaki laini hata chini ya nyuzi 30 hasi. Matairi ya njia zote yako katikati, na hayafanani: mengine yanakaribia ya baridi, mengine hukauka kama ubao. Kidole hakiwezi kuyatofautisha ndani ya duka lenye joto.

Alama za ubavuni husaidia, mradi zisomwe kwa kiasi chake. M+S inahusu umbo la kashata na mifereji tu. Tairi haliendi kwenye theluji hata siku moja ili kuipata. Alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza kutumika Marekani na Kanada mwaka 1999, hutolewa kwa jaribio. Tairi huvutishwa kwenye theluji iliyoshindiliwa, na lazima lipite tairi la kulinganishia kwa asilimia 10 au zaidi. Hilo ni jaribio la kuondoka. Si la kufunga breki, si la kukata kona, wala halifanyiki juu ya barafu. Tairi la njia zote lenye alama hiyo limethibitisha kwamba litatoka kwenye maegesho yaliyojaa theluji. Kuhusu kusimama kwenye taa za barabarani, alama haijasema lolote.

Na hapo ndipo Calgary ilipo na ukorofi wake. Upepo wa Chinook ukishuka kutoka Milima ya Rocky, halijoto huweza kupanda nyuzi 20 ndani ya saa chache. Theluji inayeyuka mchana, maji yanatandaa barabarani, usiku yanaganda. Asubuhi lami inaonekana nyeusi kama iliyolowa tu, kumbe ni barafu. Tena barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri huteleza zaidi kuliko ya nyuzi 20 hasi, kwa kuwa huwa na utando wa maji juu. Siku ya baridi kali inayotisha watu huweza kuwa salama zaidi barabarani kuliko siku ya jua la Chinook.

Pikapu tupu huongeza tatizo. Uzito wake mwingi uko mbele, kwenye injini, na ekseli ya nyuma inayosukuma gari haina kinachoikandamiza. Viroba vinne au vitano vya mchanga vya kilo 25, vikilazwa juu ya ekseli au mbele yake kidogo na kufungwa kamba imara, hufanya kazi nzuri. Vikiwekwa mwisho kabisa wa bodi, huinua pua ya gari na kuufanya usukani uwe mwepesi. Gari likikwama, kiroba kimoja hufunguliwa na mchanga ukamwagwa chini ya magurudumu.

Kuvuta kwa magurudumu yote manne husaidia kuondoka na kupanda. Breki hazipati chochote. Kila gari, la magurudumu mawili au manne, husimama kwa magurudumu manne, na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Kwenye barabara ya Calgary kwenda Edmonton, inayoruhusu kilomita 110 kwa saa katika sehemu kubwa, anayepita wenzake kwa sababu gari lake halitelezi linapoondoka anahesabu kitu kisicho na uhusiano na hatari iliyo mbele yake. Mfumo wa magurudumu manne wa kuchomeka na kuchomoa pia haufai kwenye lami kavu, kwa kuwa ekseli mbili hulazimishwa kuzunguka sawa, na kwenye kona mitambo inayoziunganisha hukazana.

Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lililojazwa PSI 35 ndani ya gereji yenye nyuzi 20 litasoma karibu 28 likilala nje kwenye nyuzi 20 hasi. Taa ya onyo huwaka kwa kawaida upungufu ukifika asilimia 25, yaani karibu 26. Kwa hiyo tairi linaweza kupungukiwa moja kwa tano ya upepo wake na taa ikakaa kimya. Matairi ya mzigo yenye plai 10 huhitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule, na kwenye gari tupu ugumu wake huyafanya yakanyage barafu kwa shida.

Alberta haina sheria ya kulazimisha matairi ya baridi. Jimbo jirani la British Columbia linayo: kupita njia ya milimani ya Rogers Pass kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili hutaka alama ya M+S au ya mlima na kina kisichopungua milimita 3.5, na asiyetimiza huweza kutozwa faini na kurudishwa. Matakwa hayo ni ya chini mno kuitwa kinga.

Kwa hiyo pikapu inayoishi mjini na kwenye barabara kuu inahitaji matairi manne halisi ya baridi, upana wa wastani, juu ya rimu zake zenyewe, na yale ya kashata yangoje kiangazi. Anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta au mashambani, ambako greda halipiti, ana sababu ya kubaki na ya njia zote, yenye alama ya mlima na yaliyo karibu mapya. Kuchanganya mawili ya baridi na mawili ya njia zote huachia ncha moja ya gari iteleze kabla ya nyingine. Mabadiliko hufanywa Oktoba, kabla mafundi hawajajaa foleni, na nati hukazwa tena kwa spana baada ya kilomita 80 hadi 160.

Wasalaam,
Mjomba