Kinundu Kidogo Kilichowatoa NASA Jasho

Kila nikisema napenda simulesheni za hewa, lazima mtu aniulize, "Sasa hiyo itakulipia renti?" Wacha nijibu leo, tumalizane na hii stori.

Turudi Agosti 2005. Chombo cha Discovery kiko juu angani na watu saba ndani. Tumboni mwake kuna vigae vya kukinga joto, na katikati ya vigae vipande viwili vya kitambaa cha kujazia nafasi vimechomoza. Kimoja kimetokeza kama sentimita 2.5. Ungesema, "Ah, si waache tu?" Shida ni kwamba miaka miwili kabla, Columbia ilivunjika ikirudi duniani na wote saba wakafa. Sababu ilikuwa nyingine, lakini hakuna mtu NASA alikuwa na hamu ya kubahatisha.

Sasa cheki fizikia. Chombo kinarudi kwa kasi ya karibu mara 25 ya sauti. Hewa iliyo karibu kabisa na vigae huteleza kwa utaratibu, tabaka juu ya tabaka, na hiyo inasaidia kuzuia moto wa nje usifike ndani. Weka kinundu hapo: hewa inajikwaa, inajiviringa, na vimbunga vidogo vidogo vinavuta hewa ya moto hadi kwenye vigae. Hewa ingevurugika tu mbele ya safari, lakini ikivurugika mapema, kasi ikiwa bado juu, joto linapanda mara kadhaa.

Kompyuta inaweza kuigiza haya yote. Unaikata hewa iwe vijisanduku, unapiga hesabu ya kila kimoja, halafu unasogeza muda kidogo na kuanza tena. Ngoma ni kwamba vile vimbunga ni vidogo mno, kwa hivyo vijisanduku vinafika mamilioni, hata mabilioni. Wahandisi walipiga hesabu zao na bado hawakupata jibu la uhakika. Tarehe 3 Agosti, Stephen Robinson akapelekwa chini ya chombo na mkono wa roboti, akavichomoa vipande vyote viwili kwa vidole. Vilitoka bila shida.

Kitu kinanibamba zaidi ni kilichofuata. 2009 waliweka kinundu kwa makusudi kwenye bawa la Discovery hiyo hiyo, kama milimita 6, wapime joto wakati wa kurudi. Walitaka namba za kweli za kupima hesabu zao.

Hapa mtandaoni kila mtu ana uhakika wa kila kitu. Wale wasee, na mashine zao zote, walikubali kusema "hatujui", watu saba wakarudi salama, halafu wakaenda kutafuta jibu. Mimi nataka kazi kama hiyo.

Renti tutaongea mwisho wa mwezi.