Zamu ya Mtu ni Mali Yake

Wazee walituachia maneno mawili yasiyopatana. La kwanza: "Subira yavuta heri." La pili: "Ngojangoja huumiza matumbo." Tufuate lipi? Hapa Lubumbashi swali hilo huwapata hasa watu wanaotaka gari jipya.

Wengi wa mji wetu hununua magari yaliyotumika Japani. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma na nchi ya Zambia, mpaka Kasumbalesa. Lakini mwenye kazi ya njia mbaya, aendaye vijijini au kwenye machimbo ya Kolwezi, hutamani Land Cruiser mpya. Makampuni ya shaba, mashirika na serikali huitaka vilevile. Basi wauzaji huandika majina katika orodha, na watu hungoja.

Taabu hiyo haiko kwetu tu. Toyota walipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021, wateja walizidi nguvu ya kiwanda, na wakati ule vipande vidogo vya elektroniki viongozavyo mashine vilikuwa haba duniani. Mwaka 2022, Japani kwenyewe, mnunuzi aliambiwa huenda akangoja miaka 4. Na katika Ujerumani ya Mashariki, kabla ukuta wa Berlin haujaanguka mwaka 1989, mtu aliweza kungoja Trabant zaidi ya miaka 10. Ikawa ajabu: Trabant iliyotumika iliuzwa ghali kuliko mpya, maana ile mtu aliichukua siku ileile.

Tazameni basi: pamoja na gari, wakati pia unauzwa. Na penye wakati unaouzwa, hapakosi mtu wa kuuza wakati wa mwenzake.

Nasema hivyo kwa sababu ya shemeji yangu, mume wa dada yangu. Hufanya biashara ya unga na mafuta kati ya Lubumbashi na Kolwezi, kwa lori la kukodi. Alitoa arbuni kwa muuzaji mmoja, akaambiwa miezi 6. Ikapita miezi 14. Kila mwezi alilipa kodi ya lori, na fedha ya masomo ya watoto ikachelewa. Halafu mtu akamnong'oneza: "Toa kitu kidogo, jina lako litapanda."

Akaja kwangu. "Shemeji, wewe ni mtu wa mafundisho. Nikitoa, nitakuwa nimemwibia nani? Fedha ni zangu, na nusu ya bei nimekwisha lipa."

Nikamjibu: "Jina lako likipanda, jina la nani litashuka? Humjui. Labda naye anakodi lori."

Alinyamaza, kisha akasema: "Na yule aliyenishusha mimi, je, aliuliza hivyo?"

Neno hilo lilikuwa zito, nami sikuthubutu kumwambia avumilie tu. Kumhimiza mnyonge avumilie, huku wengine wanapita mlango wa nyuma, ni kumsaidia mdhalimu.

Tukaenda pamoja kwa muuzaji, tukaomba mambo matatu kwa maandishi: namba yake katika orodha, mwezi wa kupewa gari, na sharti la kurudishiwa fedha mwezi huo ukipita. Wakakataa la kwanza na la pili. Tukadai arbuni, ikarudi baada ya majuma matano. Leo ana gari lililotumika, lililotoka Dar es Salaam. Usukani uko kuume, ingawa sisi huendesha upande huohuo wa kuume wa njia. Dada yangu bado husema heri tungetoa kile kidogo. Sijamshinda kwa maneno.

Huko Japani wauzaji waliwataka wanunuzi wa Land Cruiser 300 watie sahihi kwamba hawataiuza kabla ya mwaka kupita, walanguzi wasije wakala zamu za watu. Hata orodha yahitaji mlinzi.

Ndugu msomaji, ukiandikwa mahali popote, iwe kwa gari, kwa kiwanja au kwa kitanda cha hospitali, uliza namba yako mbele ya watu, tena omba orodha ibandikwe ukutani. Orodha inayosomwa na wote ni vigumu kuiuza. Iliyofichwa mezani mwa mtu mmoja ni duka la pili, na bidhaa yake ni siku zako.