Anayevutwa Ndiye Anayelipa

Mbwa mchanga anayevuta kamba hana utovu wa adabu, ana haraka. Sisi tunatembea, yeye miguu yake imeumbiwa mchakamchaka. Sisi tunaiangalia njia, yeye anainusa, tena kwa pua yenye vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, ilhali ya binadamu ina milioni chache tu. Mtoe saa moja asubuhi kwenye barabara ya vumbi ya huku kwetu Bigwa, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Usiku kucha mbwa wengine wamepita wakaacha habari zao kwenye nguzo ya umeme, mbuzi wa jirani wamejisaidia kando ya mfereji, mama wa vitumbua amemwaga mafuta ya jana. Ungekuwa na yote hayo mbele yako, nawe ungevuta.

Kwa nini anavuta, basi, si swali gumu. Lililonikalia kichwani tangu mbwa wetu Tomi aingie nyumbani kwetu ni hili: kwa nini anaendelea kuvuta wakati kuvuta kunamuumiza? Mkanda unamkaba koo, anakohoa, ulimi nje, macho yamemtoka, na bado anajisukuma mbele. Jibu lake ni kwamba kuvuta kunamfikisha. Anakitaka kichaka, mwenye mbwa ananung'unika, anamwita majina, huku mkono umenyooka na miguu inamfuata hatua moja, mbili, tatu, na kichaka hicho hapo. Manung'uniko si lugha ya mbwa. Hatua ndiyo lugha yake, na hatua amepewa.

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha utafiti wake wa kuwafungia paka wenye njaa ndani ya masanduku. Paka alihangaika humo mpaka kwa bahati akagusa kile kinachofungua mlango, akatoka, akala. Kadiri alivyorudishwa ndivyo alivyozidi kufungua upesi. Funzo la Thorndike ni kwamba tendo linaloleta raha hurudiwa. Sidhani bibi zetu walimhitaji yeye kulijua hilo, ila ni jambo linalosahaulika upesi ukishashika kamba na jua limeanza kuwaka.

Dawa yenyewe haina ushujaa wowote. Kamba ikikaza, unasimama. Humvuti nyuma, humkemei, husemi kitu. Unasimama kama umesahau ulikokuwa unakwenda. Mbwa anavuta, anashangaa, anavuta tena. Kisha anageuza kichwa kukutazama, na hapo shingo inalegea kidogo, kamba inashuka na kutengeneza tumbo kati yenu. Wakati huohuo, si nusu dakika baadaye, unamsifu na kupiga hatua. Akija kandoni mwa goti lako, anakuta dagaa mkavu kwenye vidole. Mnatembea hatua tano, kamba inakaza, mnasimama tena. Siku za mwanzo utaonekana mtu wa ajabu. Bodaboda mmoja alinipungia mkono akacheka: "Kaka, mbwa ndiye anayekutembeza wewe?" Hakukosea sana.

Yapo mambo madogo ambayo wenye mbwa huyapuuza. Mnyororo ni mzito. Mbwa hausikii ukilegea kwa sababu uzito wake haumwishi shingoni, kwa hiyo kamba ya kawaida ya mita mbili hivi inafaa zaidi. Mshipi wa kifuani unaokamatwa mgongoni humpunguzia maumivu ya koo, lakini pia humrahisishia kuvuta. Si bure mbwa wanaokokota magari ya theluji huko Alaska huvalishwa mishipi ili uzito ukae mwilini badala ya kooni. Ukitaka mshipi usaidie mafunzo, tafuta ule wenye pete mbele ya kifua, ambao akivuta unamgeuza upande wako. Na usianzie barabarani. Anza uani ambako kila harufu ameshaizoea, kisha getini, kisha njia ya watu wachache. Soko la Chifu Kingalu na harufu yake ya samaki ni mtihani wa kidato cha sita.

Wengi hunishauri kiboko. "Mchape huyo, atanyooka." Siwadharau, maana wamelelewa hivyo wao na mbwa wao. Kiboko kweli humfanya mbwa aache kuvuta kwa muda. Lakini hakimwambii afanye nini badala yake, na mbwa haunganishi maumivu na kosa kwa namna tunayokusudia sisi. Huyaunganisha na kile alichokuwa anakitazama. Alikuwa anamtazama mtoto wa shule? Basi watoto wa shule ndio wenye maumivu. Hivyo ndivyo mbwa wa kirafiki anavyogeuka wa kubwekea watu.

Anayedhani kufundisha kwa zawadi ni ulaini wa Kizungu, jibu lipo hapahapa Morogoro. Kwa zaidi ya miaka 20 shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini, na kunusa makohozi ili kubaini kifua kikuu. Hawachapwi. Panya huanza akiwa mdogo kwa kuzoeshwa watu, kisha hufundishwa kwamba mlio fulani mfupi, tik, maana yake chakula kinakuja. Akinusa sawasawa anasikia tik, anapata ndizi. Asiponusa sawasawa, hapati kitu, basi. Mafunzo huchukua miezi tisa hivi. Uwanjani panya huvalishwa mshipi ulioungwa kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya watu wawili, naye huenda na kurudi akiifuata kwa utulivu ambao mwenye mbwa kama mimi anaweza kuuonea wivu. Magawa, panya aliyezaliwa hapa mwaka 2013 akapelekwa Kambodia, aligundua mabomu ya ardhini na masalia mengine ya vita zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Maisha ya watu yalitegemea pua yake, na malipo yake yalikuwa ndizi. Kama kazi ya uzito huo imefundishika bila fimbo, kutembea mpaka dukani bila kuvutana kutashindikanaje?

Na kwetu kutembea bila kuvutana si jambo la kujionyesha. Jirani yangu wa upande wa juu ni mzee wa swala tano, kanzu yake nyeupe muda wote. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa nchi yetu, ute wa mbwa ni najisi. Ukimpata mtu, panaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tomi akinikokota kwenda kumlamba mzee mkono kwa mapenzi yake ya kitoto, anampa kazi ya kurudi nyumbani na kukosa swala ya jamaa. Wapenda mbwa wa mjini hulisahau hili. Husema "haumi huyo", kana kwamba kuumwa ndilo tatizo pekee. Hata kuumwa kwenyewe si mzaha. Kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa binadamu ni kifo, karibu bila kubakiza, na Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa. Mtoto anayemwona mbwa akimjia kwa kasi hana jinsi ya kukisoma cheti cha chanjo. Siku hizi mzee akitokea kwenye kona namkalisha Tomi kandoni, natoa shikamoo nikiwa ng'ambo ya barabara, naye anaitikia: "Marahaba mwanangu, huyo amekuwa mtu sasa."

Ugumu mkubwa, hata hivyo, hauko kwa mbwa. Nyumbani kamba hushikwa na watu kadhaa: mimi, mke wangu, kijana anayetusaidia kazi, na binti yetu wa miaka tisa ambaye furaha yake yote ni kukimbia akivutwa. Mimi nikisimama na binti akikimbia, Tomi hajifunzi kwamba kuvuta hakulipi. Anajifunza kwamba kunalipa mara mojamoja, na hilo ni baya zaidi. Mwaka 1957 B. F. Skinner na mwenzake Charles Ferster walichapisha kitabu kinene kuhusu njiwa na wanyama wengine waliofunzwa kufanya kazi kwa malipo. Njiwa aliyezoea kulipwa kila anapodonoa, malipo yakikatwa, huacha upesi. Aliyezoea kulipwa bila mpangilio huendelea kudonoa muda mrefu sana. Ni sawa na vijana wa kijiweni na mikeka yao ya kubeti: kushinda si jambo la kila wiki, ila ule mkeka mmoja uliotiki ndio unaowarudisha kila Jumamosi. Kwa hiyo tuliketi, tukakubaliana sote sheria moja. Binti alipinga.

"Baba, mbona humwachi tu afike?"

"Atafika. Kamba ilegee kwanza."

Aliielewa kuliko sisi watu wazima. Mbwa hazuiwi kunusa kichaka. Kichaka chenyewe kinageuzwa kuwa malipo. Akija kwa ulegevu tunakwenda wote mpaka hapo, ananusa atakavyo, dagaa anabaki mfukoni.

Tangu hapo nimekuwa nawatazama watu kwa jicho hilohilo, na sijui kama ni heri. Chukua simu za ndugu. Anapiga kuomba elfu hamsini, unasema huna. Anapiga tena, huna. Mara ya tatu, ya nne, huna. Ya tano umechoka, unatuma. Hukumfundisha kwamba huna; umemfundisha kwamba bei ni simu tano. Kisha unalalamika ukooni kwamba fulani ni king'ang'anizi. Simaanishi ndugu wanyimwe. Mtu asiyewapa ndugu zake huku kwetu ana kasoro kubwa kuliko ya mbwa anayevuta. Nasema kama utatoa, toa kwenye simu ya kwanza, kamba ingali imelegea. Na kama hutoi, ya tano ifanane na ya kwanza.

Au keti kwenye benchi la ofisi yoyote yenye foleni. Mama mwenye karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni amekaa kimya tangu asubuhi. Anaingia bwana mmoja anafoka, anagonga kaunta, anataja majina ya wakubwa. Faili lake linapatikana. Wote waliopo bencheni wameona nani amelipwa, na kesho watakuja wakifoka. Halafu tunabandika tangazo ukutani la kuwataka wananchi wawe wastaarabu. Ningekuwa na madaraka kidogo mahali pale, nisingebandika tangazo. Ningeanza na yule mama wa nailoni, kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Jambo hili lina gharama, nayo ni muda. Huwezi kumfundisha mbwa huku unachelewa, maana ukiwa na haraka utafuata kamba, na kila hatua unayoifuata inafuta mara kadhaa ulizosimama. Siku ya haraka afadhali abaki nyumbani, acheze uani, apewe mfupa. Dakika kumi za utulivu jioni zinashinda saa nzima ya kuvutana. Na mbwa mkubwa naye hujifunza, wasikudanganye. Ila ana miaka ya malipo ya zamani ya kusahau, kwa hiyo mpe muda zaidi ya unaompa mbwa mchanga.

Tomi bado huvuta akimwona paka. Paka wa jirani nadhani analijua hilo, maana hujilaza juu ya ukuta makusudi akijilamba. Hatujafika. Lakini mkono wangu wa kulia umeacha kuuma, na mke wangu, aliyeapa kwamba hatatoka tena na mnyama huyo, sasa humchukua mwenyewe mpaka dukani.

Ombi langu kwako msomaji ni dogo. Ukimkuta mtu amesimama kimya kando ya njia na mbwa aliyejikaza mbele yake, usidhani amepotea. Usimpigie mbwa mluzi, usimtupie kipande cha muhogo, usimwite ukisema wewe huna shida na mbwa. Msalimie mwenyewe, upite. Mbwa utamsalimia akishaketi.